Karo ya chuo kikuu: Umaskini bila stakabadhi hautambuliwi

KILA mwaka matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, vigelegele huhanikiza vijijini na mitaani. Mtoto wa kibarua wa shamba la majani chai amepata alama ya B, bintiye mama muuza samaki amejinyakulia C+ inayomfungulia mlango wa shahada. Majirani humiminika kumpongeza mzazi na kuku akachinjwa. Aghalabu furaha hiyo hudumu hadi siku barua ya kujiunga na chuo inapowasili. Mzazi huzitazama tarakimu zilizoandikwa kando ya neno karo, akamtazama ng'ombe mmoja aliyesalia zizini, akanyamaza.

Ni katika kimya hicho ambapo ndoto za vijana huzimika. Wapo wanaoshindwa kwa kuwa fedha hazipatikani kabisa. Lakini wapo pia, nao wanasikitisha zaidi, wanaokosa msaada waliostahiki kwa sababu hawakujua uombwe wapi, lini na kwa karatasi zipi.

Jambo ambalo familia maskini haiambiwi mapema ni kwamba ufukara wenyewe haumpatii mtu ufadhili. Kinachompatia ni ushahidi wa ufukara huo, ulioandikwa, ukathibitishwa na kuwasilishwa kabla ya siku ya mwisho. Hapo ndipo penye kinaya. Familia ambazo zina dhiki kuu ndizo ambazo cheti cha kifo cha baba hakikuwahi kuchukuliwa, kitambulisho cha mama kilipotea zamani, na simu inayotumika nyumbani imesajiliwa kwa jina la mjomba.

Makala haya yanaeleza jinsi msaada wa masomo ya chuo unavyotolewa nchini Kenya, na mambo ambayo mwanafunzi anayetoka katika familia ya kipato cha chini anapaswa kuyafanya ili asibaki nje.

Tulikotoka

Miaka ya kwanza baada ya uhuru, serikali iligharimia masomo ya chuo kikuu, nao wahitimu wakatarajiwa kuitumikia kwa miaka 3. Idadi ya wanafunzi ilipoongezeka mzigo ukawa mzito, na mnamo 1974 mpango wa mikopo ukaanzishwa. Tatizo la mpango huo lilikuwa moja: wengi waliokopa hawakulipa, wala hapakuwa na chombo madhubuti cha kuwafuatilia.

Mwaka wa 1991 serikali ilianzisha utaratibu wa kugawana gharama. Posho ambayo wanafunzi waliiita 'boom' ikakoma, na mwanafunzi akaanza kujilipia chakula. Sisi tuliokuwa vyuoni wakati huo tungali tunakumbuka wenzetu waliorejea makwao likizoni wasionekane tena. Mnamo 1995 Bunge liliunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ambayo hadi leo ndiyo inayokopesha wanafunzi na kudai wahitimu.

Kwa miaka mingi wanafunzi walioteuliwa na serikali walitozwa karo ya Sh16,000 pekee kwa mwaka katika vyuo vya umma, huku hazina kuu ikifidia sehemu ya gharama iliyobaki. HELB nayo ilitoa mkopo usiozidi Sh60,000 kwa mwaka. Fedha za serikali hazikutosha, na vyuo vikaishia kuzama katika madeni.

Mfumo wa vitengo

Mei 2023, Rais William Ruto alizindua mfumo mpya wa ufadhili. Badala ya serikali kutuma fedha chuoni kwa kiwango sawa kwa kila mwanafunzi wa kozi fulani, fedha sasa zinamfuata mwanafunzi kulingana na hali ya familia yake. Gharama kamili ya kozi hugawanywa mara tatu. Sehemu ya kwanza ni ufadhili usiorejeshwa, unaotoka katika Hazina ya Vyuo Vikuu. Ya pili ni mkopo wa HELB, nayo ya tatu hulipwa na familia.

Mwaka wa 2024 vitengo vitano vilitangazwa. Kitengo cha kwanza ni cha familia zenye kipato kisichozidi Sh5,995 kwa mwezi: ufadhili asilimia 70, mkopo asilimia 25, familia asilimia 5. Cha pili kinafika kipato cha Sh23,670, nacho hugawanywa asilimia 60, 30 na 10. Cha tatu kinafika Sh70,000, kwa asilimia 50, 30 na 20. Cha nne kinafika Sh120,000, kwa asilimia 40, 30 na 30. Kitengo cha tano ni cha wanaozidi hapo: ufadhili asilimia 30, mkopo 30, na familia hubeba asilimia 40.

Kando na karo, kila kitengo kiliwekewa mkopo wa matumizi. Kitengo cha kwanza kilitengewa Sh60,000 kwa mwaka, na kiasi hicho kinapungua kwa Sh5,000 kila kitengo kinapopanda, hadi Sh40,000 kwa kitengo cha tano.

Tuchukue kozi inayogharimu Sh200,000 kwa mwaka. Mwanafunzi wa kitengo cha kwanza atapata ufadhili wa Sh140,000 na mkopo wa karo wa Sh50,000, na familia yake italipa Sh10,000. Akiwekwa katika kitengo cha tatu, familia iyo hiyo itadaiwa Sh40,000. Kwa mzazi anayelima kwa vibarua, tofauti hiyo ya Sh30,000 ndiyo tofauti ya mtoto kusoma au kurudi nyumbani.

Mfumo huu umepingwa mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba unakiuka katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka wa 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Kwa hivyo ni wajibu wa kila mwombaji kuthibitisha viwango na tarehe za mwaka wake katika tovuti ya ufadhili ya serikali, hef.co.ke, kabla ya kujaza chochote. Hata hivyo, viwango vikibadilika, kanuni ya kupima hali ya familia kwa kutumia habari anazotoa mwombaji imekuwepo tangu zamani. Anayejifunza kuieleza hali yake sawasawa hatapoteza kitu.

Karatasi zitafutwe mapema

Siku hizi matokeo ya KCSE hutoka mwezi wa Januari, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza huingia vyuoni kuanzia Agosti au Septemba. Ipo miezi kadhaa katikati. Vijana wengi huitumia kungojea. Mwenye busara huitumia kukusanya stakabadhi, maana ajizi nyumba ya njaa.

Ya kwanza ni kitambulisho cha kitaifa. Aliyetimiza umri wa miaka 18 na aende kujisajili mara moja, wala asingoje barua ya chuo. Ambaye hajatimiza umri huo aandae cheti cha kuzaliwa, na ahakikishe majina yaliyomo yanafanana na yaliyo katika cheti cha shule. Herufi moja iliyokosewa katika jina inaweza kumgharimu mwombaji wiki kadhaa za kwenda na kurudi ofisini.

Ya pili ni laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwanafunzi mwenyewe, pamoja na anwani ya barua pepe anayoifungua yeye. Jambo hili huonekana dogo, ilhali limewaponza wengi. Kijana huenda katika duka la huduma za intaneti, mhudumu akamjazia fomu kwa barua pepe aliyoibuni papo hapo na nywila ambayo hakuna anayeikumbuka. Bodi ikituma ujumbe kwamba kuna hitilafu, hakuna anayeupokea. Mwanafunzi hung'amua miezi mitatu baadaye, siku anapofungiwa nje ya chumba cha mtihani. Anayeogopa kujaza peke yake anaweza kupata usaidizi wa maafisa katika vituo vya Huduma, au amwombe mwalimu wake wa zamani. Lakini nywila aiandike katika daftari lake mwenyewe.

Ya tatu ni vitambulisho vya wazazi, au vyeti vya vifo vyao. Hapa ndipo yatima huumia. Katika sehemu nyingi za nchi mtu hufariki nyumbani, akazikwa, na familia isishughulike kuandikisha kifo. Miaka kumi baadaye mtoto anaulizwa nambari ya cheti cha kifo cha baba, naye hana. Bila cheti hicho, mfumo haujui kwamba baba hayupo. Utampima mtoto kama mwenye wazazi wawili. Kifo kinaweza kuandikishwa hata baada ya muda kupita, kwa kuanzia kwa chifu au naibu wake na kuendelea hadi ofisi ya msajili wa vizazi na vifo. Shughuli hiyo huchukua muda, na ndiyo sababu haifai kuachwa hadi wiki ya mwisho.

Ya nne ni uthibitisho wa hali maalumu. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili apate barua ya mfadhili huyo au ya mwalimu mkuu. Mwenye ulemavu ajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwani ulemavu ni miongoni mwa mambo yanayozingatiwa katika kumpima mwombaji. Baraza hilo pia lina hazina yake ya kuwasaidia wanafunzi wenye ulemavu.

Kipato si mauzo

Fomu huuliza habari nyingi: wazazi wanafanya kazi gani, ndugu wangapi wako shuleni, familia inatumia kiasi gani kwa elimu, mwombaji ametoka katika eneo lipi. Kitengo hakiamuliwi na kipato peke yake. Hata hivyo swali la kipato ndilo linalojibiwa vibaya zaidi.

Chukua mfano wa mama anayeuza mboga sokoni. Akiulizwa anapata kiasi gani kwa siku, atajibu bila kusita kwamba ni Sh1,500. Mwanawe atazidisha kwa siku 26 na kuandika Sh39,000 kwa mwezi. Kwa kipato hicho yumo katika kiwango cha kitengo cha tatu. Lakini hizo ni pesa zilizopita mikononi mwa mama huyo. Zikiondolewa Sh1,100 za kununulia bidhaa na Sh100 za usafiri, anabaki na Sh300. Kwa mwezi ni Sh7,800, yaani kiwango cha kitengo cha pili. Mtoto hakudanganya alipoandika Sh39,000. Alichanganya mauzo na kipato, na katika kozi tuliyoitaja kosa hilo lingeiongezea familia deni la Sh20,000 kila mwaka.

Mkulima naye asihesabu mavuno ya msimu mmoja kana kwamba huvuna kila mwezi. Ajumlishe alichopata mwaka mzima, aondoe gharama za mbegu na mbolea, kisha agawanye kwa 12.

Walakini mwombaji asishawishike kupunguza tarakimu makusudi. Kutoa habari za uongo ni kosa kisheria, na serikali inaweza kulinganisha habari hizo na rekodi nyingine ilizo nazo. Zaidi ya hayo, fungu la ufadhili lina kikomo. Mwenye nacho anayejifanya fukara anachukua nafasi ya fukara wa kweli.

Ukiwekwa kitengo kisicho chako

Mwaka wa 2024 malalamiko yalizagaa kote nchini. Watoto wa vibarua walijikuta katika vitengo vya wenye nacho, na serikali ikalazimika kufungua njia ya rufaa. Funzo lililopatikana ni kwamba uamuzi wa mwanzo si wa mwisho.

Anayeamini amekosewa asikate tamaa, wala asitegemee kulalamika mitandaoni pekee. Kwanza aifungue fomu yake na kuangalia alichokijaza, kwa sababu mara nyingine kosa limo humo. Pili akate rufaa kupitia tovuti iyo hiyo katika muda uliotangazwa, na kuambatanisha ushahidi wa jambo lililobadilika au lililoachwa: cheti cha kifo, ripoti ya hospitali, barua ya mzazi kuachishwa kazi, au barua za shule zinazoonyesha karo ya ndugu zake. Tatu aweke nakala ya kila kitu.

Wanaojiunga na vyuo vya kiufundi nao wana mkondo wao wa maombi katika tovuti hiyo. Anayechagua chuo kikuu cha kibinafsi ajue mapema kwamba tangu mfumo huu uanze ufadhili usiorejeshwa umekuwa wa wanafunzi wa vyuo vya umma. Katika chuo cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo tu. Hili lafaa kuzingatiwa wakati wa kuchagua kozi kupitia KUCCPS, kabla moyo haujaganda mahali pamoja.

Milango mingine

Basari za maeneobunge zilienea baada ya hazina ya CDF kuanzishwa mwaka wa 2003, na kaunti nazo zikafuata zilipoundwa mwaka wa 2013. Hazina hizi zimekumbwa na kesi na mivutano kuhusu nani ana mamlaka ya kuzitoa, basi aulizie ofisini zinaendeleaje kabla ya kuzitegemea. Aghalabu kiasi kinachotolewa ni kidogo, nacho hutumwa moja kwa moja chuoni. Lakini kwa anayedaiwa asilimia 5 au 10, kidogo hicho chaweza kumaliza deni la muhula mzima.

Yapo pia mashirika ya hisani. Wakfu wa Rattansi, kwa mfano, umekuwa ukiwasaidia wanafunzi wahitaji tangu 1956. Misaada ya aina hii mara nyingi hupitia vyuoni, na tangazo lake hubandikwa ubaoni kwa siku chache tu. Kwa hivyo mwanafunzi mhitaji ajitambulishe mapema katika ofisi inayoshughulikia maslahi ya wanafunzi. Huko ndiko anakoweza pia kuulizia mpango wa kufanya kazi huku akisoma, ambao baadhi ya vyuo vya umma vinao: saa kadhaa kwa wiki maktabani, jikoni au bustanini, kwa malipo yanayopunguza karo au kumpa chakula. Hakuna aibu katika hilo. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Wiki za kwanza

Hatari kubwa huja mahali ambapo wengi hawaitarajii. Mwanafunzi ameshapata ufadhili na mkopo umeidhinishwa. Jina lake limo. Lakini hela za matumizi hazimtangulii chuoni. Hutolewa baada ya chuo kuthibitisha kwamba amesajiliwa, nazo huweza kuchelewa kwa wiki nyingi. Wakati huo anahitaji nauli, godoro, kodi ya chumba na chakula. Wapo waliorudi nyumbani wakiwa na ufadhili mkononi, kwa kukosa ugali.

Hapa ndipo mahali pa harambee. Badala ya jamaa na majirani kuitwa kuchangia karo ya mwaka mzima, jambo ambalo huwachosha na kuzaa ahadi zisizotimizwa, waombwe kitu kimoja kinachopimika: sehemu ya familia ya muhula wa kwanza, na chakula cha miezi miwili. Kanisa, msikiti au chama cha akina mama kinaweza kumudu hayo.

Na mambo yakiharibika kabisa, mwanafunzi asitoweke. Aandike barua rasmi ya kuomba kuahirisha masomo, apokee jibu kwa maandishi, na nafasi yake itamngoja. Anayetoweka bila barua huhesabiwa kuwa ameacha masomo, na kurejea kwake huwa kugumu.

Mkopo ni deni

Mwisho, kijana asidanganyike kwamba kila shilingi anayopokea ni zawadi. Tuirudie kozi yetu ya Sh200,000 na kuihesabu kwa miaka 4. Mwanafunzi wa kitengo cha kwanza atakopa Sh200,000 za karo na Sh240,000 za matumizi, jumla Sh440,000. Wa kitengo cha pili atakopa Sh240,000 na Sh220,000, jumla Sh460,000. Wa kitengo cha tano, ambaye familia yake ndiyo yenye uwezo, atakopa Sh240,000 na Sh160,000, jumla Sh400,000. Naam, kwa kuwa matumizi hutolewa kama mkopo, mtoto wa maskini anahitimu akiwa na deni kubwa kuliko la mtoto wa tajiri, hata baada ya kupewa ufadhili mkubwa zaidi. Waliotunga mfumo huu wana jambo la kulijibu hapo.

Mkopo wa HELB hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ni nafuu mno ikilinganishwa na ya benki. Malipo huanza mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Asiyelipa anaweza kutozwa faini ya Sh5,000 kila mwezi na jina lake kupelekwa katika mashirika yanayoweka rekodi za wadaiwa. Ambaye hajapata kazi awasiliane na bodi na kueleza, kwa kuwa dawa ya deni ni kulipa, na dawa ya kushindwa kulipa ni kusema mapema.

Hili si jambo la kumtisha mtu asikope. Kwa mtoto wa mama mboga, mkopo huu hutolewa bila hati ya shamba. Muhimu ni auombe upya kila mwaka kwa wakati, achague kozi akijua gharama yake, na fedha za matumizi azitumie kwa matumizi.

Kwa wazazi, walimu wakuu na machifu, ombi ni dogo. Msingoje barua ya chuo. Mtoto angali kidato cha nne, muulizeni: kitambulisho kiko wapi, cheti cha kuzaliwa kiko wapi, na kama baba alifariki, kifo chake kiliandikishwa? Karatasi hizo tatu hupatikana kwa nauli ya kwenda mjini na subira ya kupanga foleni. Zikikosekana, hata mwanafunzi aliyepata alama ya A anaweza kupimwa kama mtoto wa mtu mwenye nacho, akakosa msaada uliowekwa kwa ajili ya watu kama yeye.